Jik kiasi gani kwenye ndoo ya lita 20? Maswali ya klorini na kipindupindu

Mvua zikikolea Mwanza na mitaro ikimwagikia ziwani, watu wananiuliza sana kuhusu kuchanganya Jik, ile dawa ya klorini ya kusafishia, ili kujikinga na kipindupindu, kuanzia wachuuzi wa Mwaloni Kirumba mpaka ndugu zetu wa Igombe na Kayenze wanaochota maji ziwani. Nawajibu hapa.

Chupa imeandikwa 3.5%, ndo nini hiyo?

Kwenye kila mililita 100 za hiyo dawa kuna gramu 3.5 za klorini. Zipo pia chupa za 5%, kwahiyo jamani someni chupa kwanza kabla ya kumimina. Mtu akikwambia weka kizibo kimoja, muulize kizibo cha dawa ya asilimia ngapi na kwenye lita ngapi, bila hivyo viwili hapo hakuna kipimo.

Nauza dagaa, nataka ndoo ya kunawia mikono, naweka kiasi gani?

Sabuni na maji yanayotiririka vikiwepo, tumia hivyo. Ukikosa sabuni, ya mikono ni 0.05%. Chukua asilimia unayotaka, zidisha kwa lita za ndoo, gawanya kwa asilimia ya chupa: 0.05 mara 20 ni 1, gawanya kwa 3.5 unapata lita 0.286, yaani kama mililita 286. Kama chupa yako ni ya 5% basi ni mililita 200 tu, umeona tofauti? Pima kwa jagi lenye mistari halafu jazia maji mpaka zitimie lita 20. Funika, weka kivulini maana jua linaua nguvu ya klorini, na kesho tengeneza nyingine.

Na sakafu aliyotapikia mgonjwa?

Hapo ni 0.5%, kali mara 10. 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa 1 inabaki 6, kwahiyo kikombe 1 cha Jik kwa vikombe 6 vya maji. Hiyo 1 unayoitoa ni kile kikombe cha Jik chenyewe, wengi wanaisahau. Mwagia, acha dakika 10, ndo ufute, na uvae glavu.

Si bora nizidishe ili iue vizuri?

Hapana dada yangu, itakuunguza ngozi na macho na kukubana kifua, hasa nyie mnaoshinda na samaki mikono ina michubuko. Na usichanganye kabisa na asidi ya kusafishia choo, inatoa gesi yenye sumu.

Maji ya ile ndoo ya kunawia yananyweka?

Usinywe! Yana miligramu 500 za klorini kwa lita wakati maji ya kunywa yanatakiwa kubaki na kama 0.2 mpaka 0.5, hiyo ni mara elfu moja au zaidi. Ya kunywa chemsha, au tumia WaterGuard, dawa ya kutibu maji ya kunywa, kwa kipimo cha pakiti; maji ya ziwa yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, weka dawa, subiri dakika 30.

ORS, ule unga wa chumvi na sukari anaochanganyiwa anayeharisha, nayo ina hesabu?

Tena hii msiichezee. Pakiti ya lita 1 iingie kwenye lita 1 kamili ya maji salama. Ukiweka nusu lita chumvi inazidi na mtoto anaweza kudhurika, ukiweka lita 2 haimsaidii inavyotakiwa. Mtu akianza kuharisha maji maji kama ya kuoshea mchele mnyweshe hapo hapo, endelea kumnywesha njiani mkimpeleka kituo cha afya.