Kushusha matawi kwa kamba: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

Miembe ya Ujiji na Kigoma mjini imetanda juu ya mabati, vibanda na nyaya za umeme. Tawi la hapo haliachiwi lianguke, hushushwa kwa kamba, na zipo imani kuhusu kamba hizo zinazoumiza watu.

"Kamba nene haikatiki." Hukatika ikiachwa legelege. Tawi bichi la mwembe lina uzito unaokaribia wa maji: kipande cha mita 2 chenye kipenyo cha sentimita 30 ni karibu kilo 140. Kikianguka mita 1 ndipo kamba ikaze, kisha kikasimama ndani ya sentimita 25, kamba imevutwa kwa wastani wa mara tano ya uzito huo, sawa na kubeba kilo 700. Hatari zaidi iko juu. Kamba inapopita kwenye kapi (gurudumu la kupitishia kamba), pande zake zote mbili zinavuta kuelekea chini, hivyo tawi lililobeba kapi linaelemewa karibu maradufu. Mara nyingi hilo ndilo linalovunjika, nalo huenda ndilo alilojifungia mkataji.

Kwa hiyo pitisha kamba kwenye panda imara iliyo juu zaidi ya tawi linalokatwa, ivute mpaka ikaze kabisa, ndipo msumeno uanze. Kata vipande vifupi. Kipande kikishaachia, aliye chini alegeze kamba taratibu kidogo kidogo; asikisimamishe ghafla.

"Vijana watatu wenye nguvu wanatosha kuishika." Hawatoshi, na hawahitajiki. Zungusha kamba kwenye shina, chini, mara mbili au tatu, na mtu mmoja mwenye glavu ataimudu, kwa sababu msuguano wa gome ndio unaobeba mzigo. Mizunguko ikizidi, tawi linagoma kushuka; ikipungua, kamba inamponyoka. Anzeni na tawi dogo mpate kipimo cha mti huo. Asiizungushe kamba mkononi wala kiunoni, na asisimame katikati ya kamba iliyolala chini: ikikimbia itamnasa mguu.

"Kamba iliyochoka mtumbwini bado inafaa mtini." Jua limeshaila na mchanga umekata nyuzi za ndani. Hata kamba mpya, fundo peke yake laweza kuipunguzia theluthi ya nguvu au zaidi, ndiyo maana mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuikata. Ya plastiki huyeyuka kwa msuguano. Ukiona mahali pameng'aa na kukakamaa, iache.

"Kata kwa juu tu, kamba italidaka." Tawi litachanika na ule mchano kufuata shina. Anza chini, robo hadi theluthi ya unene, kisha malizia juu.

"Kamba haipitishi umeme." Ikilowa hupitisha, na tawi bichi pia. Penye waya karibu, TANESCO wazime laini kabla mtu hajapanda.