Kuosha na kuunganisha maski ya CPAP nyumbani: maswali na majibu

Hii ni kwa wale wanaokatika pumzi usingizini na wamepewa mashine ya CPAP (ile inayosukuma hewa kupitia maski ili njia ya pumzi isizibe), pamoja na ndugu wanaowahudumia. Naongelea zaidi maski kubwa ya kufunika pua na mdomo, maana ndo yenye vipande vingi.

Lazima nioshe kila siku? Mbona naiona safi tu?

Ndio, angalau ile silikoni laini inayogusa uso. Mafuta ya ngozi na jasho huwezi kuyaona lakini yapo, na silikoni ikishakuwa na mafuta inateleza, upepo unavuja unakupuliza machoni, na wewe unazidi kukaza mikanda mpaka asubuhi unaamka na kidonda juu ya pua, kumbe ilikuwa inataka sabuni tu. Na uso nao unawe kabla ya kulala, usipake mafuta pale maski inapokaa.

Naweza kutumia Dettol au Jik?

Hapana, hapana kabisa. Wala spiriti. Zinaharibu silikoni na ile harufu utaivuta usiku kucha. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali wala manukato, sugua kwa vidole, suuza mpaka utelezi uishe, anika kivulini maana jua kali linaigeuza rangi na kuifanya ngumu. Na vile vifaa vya kusafishia kwa gesi ya ozoni vinavyouzwa mtandaoni achana navyo, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari 2020 kwamba wakati huo ilikuwa haijaviidhinisha.

Nikishaifungua naichanganya, naunganishaje?

Piga picha kwa simu kabla hujaifungua, itakusaidia sana. Halafu usifungue velkro za mikanda, toa zile klipu tu, ili vipimo vyako vibaki vilevile. Kuunganisha anza na silikoni kwenye fremu: upande mwembamba juu kwenye pua, upande mpana chini kwenye kidevu, bonyeza pande zote mpaka usikie "kli", kisha pitisha kidole kuzunguka ukingo, ukikuta sehemu imejikunja au imeinuka toa urudie, hapo ndo upepo unapotorokea. Kinafuata kile kiungo cha kona kinachopokea mpira (bomba la hewa kutoka kwenye mashine), kiwe kinazunguka bila kukwama. Mikanda mwisho, na uikaze ukiwa umelala na mashine imewashwa, sio umekaa mbele ya kioo, kwa sababu uso ukilala unabadilika umbo.

Kuna vitundu vinatoa hewa, niweke plasta?

Tafadhali usizibe! Hivyo ndo vinatoa hewa chafu unayopumua, ukiziba unaivuta tena mwenyewe. Vikaguliwe kila unapoosha, vikiwa na uchafu tumia brashi laini. Maski kubwa ina pia kilango kidogo cha mpira, umeme ukikatika kinafunguka uvute hewa ya chumbani, kwa hiyo kikichanika au kikigoma kurudi mahali pake usilalie hiyo maski, ibadilishwe.

Kwenye lile tanki la mashine la kutia hewa unyevu naweza kuweka maji ya betri?

Usiweke, mengine yanayouzwa gereji yana asidi. Yanatakiwa maji yaliyotoneshwa (distilled), ukiyakosa kwa siku mbili tatu tumia ya kuchemsha yaliyopoa, japo yataacha ukoko mweupe. Ya jana mwaga kila asubuhi.

Mikanda na mpira je?

Mara moja kwa wiki inatosha, kwa mkono, bila pasi. Mpira uning'inize maji yaishe ndani.

Baba amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na klipu za maski yake zina sumaku. Kuna shida?

Ipo, na wengi hawaambiwi. Sumaku zinaweza kuvuruga hicho kifaa, na watengenezaji wenyewe wanasema zisisogee karibu zaidi ya sentimita 15, hata kama mwenye kifaa ni yule anayelala naye kitandani. Rudini kliniki mkaombe maski ya klipu za plastiki, msisubiri tarehe ya kliniki ijayo.