Kushusha injini na giaboksi kwa ajili ya kusafisha na kubadilisha sili: gari la chumvi la Uvinza

Hivi karibuni nilipokea kwenye gereji yangu hapa Mwanga, Kigoma, pikapu aina ya Toyota Hilux yenye injini ya 3L, yaani dizeli ya silinda nne na ujazo wa lita 2.8, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikibeba chumvi kutoka Uvinza na, chumvi inapokosekana, madumu ya mawese kutoka vijijini. Mwenye gari, mzee mfanyabiashara, alikuwa anaongeza takriban lita moja ya oili kila wiki, na alikwisha kulipia sili ya nyuma ya krenki (pete inayozuia oili isitoke pale shafti kuu ya injini inapochomoza) mara mbili kwa mafundi tofauti bila oili kuacha kudondoka. Aliponikabidhi ufunguo alisema, “Fundi, safari hii shusha kila kitu, bora niumie mara moja.” Nilimjibu kwamba huenda tukashusha, lakini kwanza tutaosha.

Jibu hilo huwaudhi wateja wengi, kwa sababu kuosha huonekana kuwa kazi ya kijana wa kuoshea magari na si ya fundi. Hata hivyo, oili inapovuja kwenye injini inayopita barabara za vumbi jekundu hugeuka kuwa tope zito, na tope hilo hufunika injini nzima kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema oili imeanzia wapi. Upepo wa gari likiwa mwendoni huisukuma oili nyuma na uzito wake huivuta chini, hivyo tone unaloliona chini ya kengele ya giaboksi (ganda linalofunika klachi na kuunganisha giaboksi na injini) linaweza kuwa limetoka kwenye kifuniko cha valvu, likateremka nyuma ya silinda hedi, likapita juu ya kengele na kudondokea mahali ambapo kila mtu anailaumu sili ya krenki. Kanuni ninayoifuata ni kutafuta mahali pa juu zaidi na pa mbele zaidi palipolowa, kwa sababu kila kilicho chini na nyuma ya hapo kinaweza kuwa kimelowanishwa tu.

Kwa hiyo tuliosha injini ikiwa bado ndani ya gari, tukaikausha kwa upepo wa kompresa, tukapaka poda nyeupe ya watoto kwenye maungio yote tuliyoweza kuyafikia, kisha nikaliendesha gari kwa karibu nusu saa na kurudi. Poda huonyesha njia ya oili kama vile mchanga unavyoonyesha nyayo. Kwenye gari hili ilionyesha njia tatu: moja kutoka kwenye kona ya nyuma ya kifuniko cha valvu, ya pili kutoka ndani ya kengele kupitia tundu lake la chini, na ya tatu, ambayo ilinichekesha, kwenye ubavu wa transfa (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), ambako palikuwa na rangi nyekundu iliyoiva. Mzee aliamini kwamba ni oili ya giaboksi. Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijachomoza vizuri, nilimwonyesha kwamba ile “oili” ilikuwa imeganda kama siagi, jambo ambalo oili ya gia haifanyi. Yalikuwa mawese yaliyopenya kwenye tundu la kutu la bodi. Oili ya gia ya giaboksi ya kawaida hutambulika pia kwa harufu yake kali ya salfa, na oili ya injini ya dizeli kwa weusi wake, kwa hiyo pua na kidole vinaweza kumwokolea mtu gharama kabla hajashika spana.

Jambo la pili kabla ya kuhukumu sili ni kupima upumuaji wa injini. Kila injini hupitisha kiasi fulani cha hewa ya mwako pembeni mwa ringi za pistoni, na hewa hiyo ni lazima itoke kwenye krenki kesi, yaani chumba cha krenki, kupitia bomba la kupumulia, ambalo kwenye injini hii hutoka kwenye kifuniko cha valvu na kurudi kwenye njia ya kuvutia hewa. Bomba hilo likiziba, shinikizo hujaa ndani na kutafuta pa kutokea, na sili mpya iliyofungwa kwa ustadi wote itaanza kuvuja baada ya muda mfupi tu. Nilifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, nacho kikarukaruka juu ya tundu lake kama mfuniko wa sufuria ya maharage. Nilipochomoa bomba la kupumulia nikakuta kwamba fundi aliyetangulia alikuwa ameweka kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, ambao ukipata joto hulegea na kujikunja hadi njia inafunga kabisa. Tulipoweka bomba sahihi, kifuniko kilitulia na moshi uliotoka ulikuwa mwepesi. Kama moshi ungeendelea kutoka kwa kishindo hata bomba likiwa wazi, ningemwambia mzee kwamba ringi zimekwisha na kwamba kubadilisha sili peke yake ni kumwaga pesa.

Kwa nini basi tulishusha? Kwa sababu oili iliyotoka ndani ya kengele ilikuwa ya kweli, klachi ilikuwa imeanza kuteleza mlimani, na sili iliyobadilishwa mara mbili mahali pale pale ilinipa shaka kuhusu shafti yenyewe.

Kwenye magari ya magurudumu manne yanayovuta, mimi hupendelea kushusha injini na giaboksi kwa pamoja. Najua wapo mafundi hodari wanaoshusha giaboksi peke yake kwa jeki kutoka chini, na kwa gari dogo hata mimi hufanya hivyo. Lakini giaboksi yenye transfa ni nzito, bolti za juu za kengele hazifikiki kwa urahisi, na uzito huo ukining'inia kwenye shafti ya kuingilia hata kwa dakika moja unaweza kupindisha kitovu cha pleti ya klachi. Gharama ya kushusha kwa pamoja ni kwamba rejeta na grili ya mbele lazima vitoke, na kazi inahitaji chenibloku (kapi ya mnyororo ya kunyanyulia) ya tani moja iliyofungwa mahali imara. Sishauri kuifunga kwenye tawi la mwembe, hata kama mwembe huo ni mnene. Mimi hutumia mabomba matatu ya chuma yaliyofungwa kileleni.

Tulitoa betri, tukamwaga maji na oili zote, pamoja na ya giaboksi na transfa, kwa sababu injini inaponyanyuliwa pua juu, oili iliyobaki itamwagika yote kupitia mkiani. Propela shafti mbili, zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, nilizitia alama kwenye flenji zake ili zirudi kwenye nafasi zilezile, kwani shafti iliyogeuzwa inaweza kuleta mtetemo. Silinda ya chini ya klachi tuliifungua na kuining'iniza pembeni bila kufungua bomba lake la mafuta. Kila mdomo wa bomba la dizeli tuliuziba kwa kifuniko safi papo hapo, maana nafasi iliyopo kati ya vipande vya ndani vya pampu ya dizeli na nozeli ni ya mikroni chache, na punje moja ya mchanga inatosha kuharibu kitu ambacho bei yake inazidi ya kazi nzima. Nyaya nilizipiga picha kwa simu na kuzifunga karatasi zenye namba.

Chumvi ndiyo iliyotuchelewesha. Pini za chuma zinazopanga kengele na injini zilikuwa zimeshikana na aluminiamu ya giaboksi kwa unga mweupe wa kutu, na tulizilowesha kwa mafuta ya kulegezea usiku kucha kabla ya kuzigusa. Kijana mmoja alitaka kuchomeka bisibisi katikati ya maungio na kuigonga kwa nyundo. Nilimzuia, kwa kuwa uso ule ukishachubuka hautakaa sawa tena.

Baada ya injini na giaboksi kukaa chini na kutenganishwa, tuliziba matundu yote kwa vitambaa na utepe, tukatoa stata na altaneta, kisha tukaanza kuosha kwa uhakika. Tope nene tulilikwangua kwa kijiti cha mbao, tukapaka dizeli kwa brashi na kuiacha ilowe, tukasugua, halafu tukaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga na kukausha kwa upepo. Petroli siitumii, kwa sababu mvuke wake unatembea chini chini na unaweza kuwakia jiko la mama ntilie lililo mbali na gereji. Hapa Kigoma, ambako watu wengi hupika sabuni ya mawese, kuna pia tabia ya kuazima kostiki soda na kuoshea injini. Kwa chuma cha kawaida itafanya kazi, lakini aluminiamu huliwa nayo huku ikitoa mapovu, na nimewahi kuletewa kengele ya giaboksi iliyogeuka nyeusi na yenye vishimo kama uso wa kitumbua.

Sili ya nyuma ya krenki ilipotoka, jibu la mafundi wawili waliotangulia lilikuwa wazi. Mdomo wa sili una chemchemi ndogo ya duara inayoubana kwenye shafti, na miaka ya vumbi ilikuwa imechimba mfereji mwembamba kwenye shafti pale mdomo unapokaa. Nilipitisha ukucha, nao ukakwama. Sili mpya ikisukumwa hadi pale pale pa zamani, mdomo wake huingia kwenye mfereji ule ule, na oili huendelea na safari. Dawa ya bei nafuu ni kuikalisha sili kwa kina tofauti, milimita moja au mbili tu, ili mdomo upate chuma kisicholiwa, mradi haizibi njia ya oili wala kutokeza nje ya kikalio chake. Mfereji ukiwa mpana zaidi, huhitajika ala nyembamba ya chuma inayovishwa juu ya shafti. Upande wenye chemchemi huelekea kwenye oili, na sili ya mpira hupakwa oili kidogo mdomoni kabla ya kufungwa. Zile za kisasa zenye mdomo wa teflon huwekwa kavu, na anayezipaka oili kwa mazoea huziharibia kazi yake. Kuhusu mpira wenyewe, sili za nitraili hukakamaa zikiishi kwenye joto la kupita nyuzi 100, kwa hiyo nyuma ya krenki huwa natafuta zinazostahimili joto zaidi, hata nikisubiri mzigo wa basi kutoka Dar es Salaam.

Tulibadilisha pia sili ya mbele ya krenki, ya kemshafti (shafti inayofungua valvu), za giaboksi na transfa, gasketi ya kifuniko cha valvu na washa za bolti za kumwagia oili. Belti ya taimingi, inayozungusha kemshafti kutoka kwenye krenki na ambayo Toyota hutaka ibadilishwe kila kilomita 100,000 na kuikumbusha kwa taa ya T-BELT kwenye dashibodi, ilikuwa imelowa oili, na belti iliyolowa hairudishwi hata kama meno yake yanaonekana mazima. Pleti ya klachi vivyo hivyo: ikishakunywa oili, kuiosha na kuianika juani ni kujidanganya. Mzee aliuliza kama tufungue na silinda hedi kwa kuwa injini iko chini. Nilikataa. Hedi inayoshika mgandamizo na isiyopoteza maji haina sababu ya kufunguliwa.

Sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini, hufungwa kwa silikoni, na hapo nina kovu langu mwenyewe. Nilipokuwa bado mwanagenzi niliamini kwamba silikoni nyingi ni usalama mwingi. Iliyozidi ilifinyangwa kwenda ndani, ikakatika vipande, ikaziba chujio la pampu ya oili, na taa ya oili ikawaka siku ya tatu. Tulifungua tukakuta chujio limevaa vipande vyekundu kama nyuzi za nyama. Siku hizi naweka mstari mmoja wa milimita tatu hivi, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, kwenye nyuso zilizofutwa hadi hazina utelezi, nafunga bila kuchelewa, kisha naiacha ikauke kama pakiti inavyoelekeza kabla ya kumimina oili. Bolti za flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki) nazo, kwenye injini nyingi, hupenya hadi kwenye oili, kwa hiyo nyuzi zake zisipopakwa gundi ya kuzibia zitavuja, na sili italaumiwa bure.

Kurudisha ni njia ile ile kinyumenyume, isipokuwa jambo moja ambalo limevunja masikio ya giaboksi nyingi: kengele isivutwe na bolti. Ikigoma kukaa, basi klachi haijapangwa katikati au meno ya shafti hayajakutana, na unachotakiwa kufanya ni kuzungusha krenki taratibu hadi iingie kwa mkono. Tulipomaliza nilichomoa waya wa kuzimia dizeli, tukazungusha injini kwa stata vipindi vifupi hadi taa ya oili ikazima, ndipo tukaurudisha waya, tukatoa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli na kuwasha.

Usiku ule gari lililala juu ya boksi safi la karatasi, na siku iliyofuata lilikwenda Kasulu na kurudi likiwa na mzigo, likalala tena juu ya boksi jingine. Asubuhi mzee alikuta tone moja lenye rangi ya chungwa, akaniita kwa sauti. Nililichukua kwa ncha ya bisibisi, lilikuwa limeganda. Tulimalizia kwa kuchomelea tundu la bodi.