Mji wa Dunwich haukuzama usiku mmoja

Watoto wa pwani ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, wamekua wakisimuliwa kwamba Dunwich ulimezwa na bahari usiku mmoja, na kengele za makanisa yake bado hulia chini ya maji. Hadithi tamu, lakini sivyo.

Dhoruba za karne ya 13 na 14 ziliujeruhi vibaya. Ile ya 1328 iliziba bandari, biashara ikahama. Kilichobaki kililiwa polepole, ukingo wa mchanga ukimegeka karne baada ya karne. Mnara wa kanisa la All Saints ulianguka 1919 tu! Na kengele? Shaba ilikuwa ghali mno kuachiwa samaki.