Eksirei ya uwanja wa ndege huonyesha, haitambui

Wasafiri wengi wa uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, huamini eksirei ya mizigo hujua yenyewe kitu cha hatari. Sivyo. Mashine ya kawaida hupaka rangi tu: chuma bluu, mchanganyiko kijani, chakula, karatasi na plastiki rangi ya chungwa. Asali, mchele wa Kyela na vilipuzi vingi vyote huangukia chungwa. Anayeamua ni mtu aliyekaa mbele ya skrini, na macho huchoka. Kanuni za Ulaya humtaka apumzike baada ya dakika 20. Kwa hiyo begi likifunguliwa, hujadharauliwa: picha haikutosha. Nalo lango la ukaguzi unalopita hunasa metali pekee. Mkanda wa suruali wenye chuma hulia, kimiminika hakilii. Dumu la asali liweke juu ya nguo, lionekane upesi.