Kukloni hadi diski (hard disk) ya deskitopu ni kufanya nini hasa

Fundi akikwambia anakuklonia diski maana yake anachukua kila kilichomo kwenye hadi diski yako ya zamani, mpaka vile usivyoviona, anakihamishia kwenye diski nyingine kwa mpangilio uleule, halafu anachomoa ya zamani anapachika mpya na mashine inawaka na vitu vyako vyote palepale vilipokuwa. Wengi wanadhani ni kukopi na kupesti drive C tu, ndo maana utakuta mtu kashinda kutwa anahamisha mafolda, anakuja kuwasha anapata skrini nyeusi inayomwambia hakuna cha kubuti, yaani cha kuanzishia mashine.

Sababu ni kwamba diski yenye Windows haina C peke yake. Kwenye mashine za UEFI, yaani zenye mfumo mpya wa kuwashia, kuna kapatisheni kadogo (kipande cha diski kilichotengwa), mara nyingi MB 100 tu, hakana herufi na hukaoni ukifungua drive zako, ila humo ndo yamo mafaili ya kuanzishia Windows. Kwenye mashine za zamani zinazotumia MBR, mpangilio wa zamani wa diski, maelekezo ya kuanzia yako kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski, na hiyo wala sio faili, huwezi kuikopi kwa mausi hata ufanyeje. Tena Windows ikiwa imewaka kuna mafaili yake inayashikilia, hayakopiki kirahisi. Programu ya kukloni inapita chini ya hayo yote, inasoma patisheni moja moja kama zilivyo na kuzijenga upya upande wa pili.

Sasa kwa nini mtu asipige tu Windows upya? Chukua deskitopu ya stesheneri, hizi Dell OptiPlex za yuzidi zenye diski ya GB 500 inayozunguka, imeshafungwa printa tatu, Photoshop, mafonti ya kadi za harusi, programu ya hesabu ambayo laisensi yake hakuna anayejua iko wapi, na aliyeifunga alishahama mji. Kupiga upya hapo ni kuanza maisha. Ukikloni kwenda SSD (diski ya chipu isiyozunguka) ya GB 240 vyote vinahama pamoja, na mashine iliyokuwa inawaka mpaka umalize chai inaanza kuwaka fasta, kwa sababu SSD ya SATA, yaani inayochomekwa kwa waya uleule wa hadi diski, inasoma karibu MB 500 kwa sekunde na haina sahani ya kuzunguka wala sindano ya kutafuta data.

Hapo kwenye GB 500 kwenda GB 240 ndo swali huwa linakuja, inaingiaje? Inaingia kama ulichotumia ni kidogo. Angalia nafasi iliyotumika, usiangalie ukubwa wa diski. Kama umetumia GB 120 hakuna shida, ila ujue GB 240 ya dukani Windows itaionyesha kama 223 hivi, hujaibiwa, ni hesabu tu za namna ya kuhesabu. Na Clonezilla, ambayo ni ya bure na unaibuti kwenye flashi, kwa kawaida inakataa diski ndogo kuliko ya zamani mpaka kwanza uzipunguze patisheni, wakati programu nyingine zinapunguza zenyewe.

Deskitopu ina raha yake kwenye kazi hii. Laptop nyingi zina nafasi ya diski moja, inabidi utumie waya wa USB, na kwa USB 2.0 hizo GB 120 zinakula zaidi ya saa nzima. Kwenye deskitopu unafungua kesi, unakuta soketi za SATA zaidi ya moja kwenye mazabodi, na kama waya hazitoshi unaazima za drive ya DVD ambayo hata hivyo hakuna anayeitumia siku hizi, kazi inaisha dakika ishirini na kitu kama diski ya zamani bado nzima. SSD ni ya inchi 2.5 na nafasi ni ya inchi 3.5 kwa hiyo inataka kibebeo, ila kwa kuwa haina kinachozunguka hata ukiishika kwa skrubu mbili upande mmoja inakaa.

Sehemu ya kuogopa ni moja, kuchagua ipi inatoka na ipi inapokea. Ukigeuza, diski tupu inaifuta iliyojaa na programu haitakuonea huruma, kwa hiyo soma jina la modeli na ukubwa, usitegemee namba 0 na 1 ambazo diski zinapewa kwenye orodha.

Ikimaliza, zima kabisa, chomoa ya zamani, weka mpya kwenye soketi ileile, ndo uwashe. Usiziwashe zote mbili kwa pamoja mara ya kwanza, zina utambulisho mmoja, Windows huwa inaizima mojawapo na wewe unabaki hujui umebuti ipi. Kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine unayoifungua kabla Windows haijawaka, gusa mpangilio wa kubuti tu. Ile sehemu ya AHCI na RAID, inayopanga namna mashine inavyowasiliana na diski, iache, ukiibadilisha unakutana na skrini ya bluu halafu lawama zinaenda kwa SSD isiyo na kosa. BitLocker, ile ya Windows ya kuifunga diski kwa siri, kama ipo isitishe kabla hujaanza, au uwe na ile funguo ya tarakimu 48 mkononi.

Halafu kloni haisafishi kitu. Kirusi kinahama, Windows iliyooza inahama na uozo wake. Diski inayogonga tik-tik au yenye sekta mbovu nyingi usiikloni kwa programu ya kawaida, okoa kwanza mafaili muhimu, au tumia ddrescue, programu ya kuokoa diski mbovu, inayoruka pabovu na kupabakiza mwishoni.

Ya zamani iweke pembeni wiki mbili tatu bila kuigusa. Ukija kuifanya stoo ya picha utakuta kale kapatisheni ka MB 100 kamegoma kufutika kwa njia ya kawaida, hapo tumia amri ya clean, inayofuta diski nzima, kwenye diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski kwa kuandika amri, ukiwa umehakikisha mara mbili ni diski ipi umeichagua.