Je, wajua kwa nini maneno "K.K. Mkuu wa Shule" kwenye barua ya kikazi yanaweza kumkatisha tamaa mwalimu?

Chukua walimu wawili wa sekondari wenye daraja moja la mshahara, mmoja Tandahimba, mwingine Liwale, wilaya za kusini mwa Tanzania. Wa kwanza hubaki na kidato cha nne mpaka saa kumi jioni, hakuna anayemlipa. Wa pili, kengele ya mwisho ikilia, yuko juu ya bodaboda. Mwajiri wao ni mmoja. Mbona moyo haufanani?

Jibu mojawapo liko kwenye barua. Mwalimu wa serikali akiandika barua ya kuomba ruhusa ya masomo au nauli ya likizo, hamwandikii mkurugenzi wa halmashauri moja kwa moja. Chini ya anwani anaweka "K.K. Mkuu wa Shule", yaani kupitia kwa mkuu wa shule. Mkuu hana uwezo wa kumwongezea mtu mshahara, lakini karatasi lazima ipite mezani kwake. Yupo anayeigonga muhuri asubuhi hiyohiyo na kusema, "Imepita, kafuatilie wilayani." Yupo pia anayeikalia wiki tatu kwenye droo, ukimuuliza anajibu, "Nitaiangalia." Huyo mwalimu anaingia darasani na chaki mkononi, akili iko kwenye droo.

Mwaka 1991, John Meyer na Natalie Allen wa Canada waliugawa uaminifu wa mtu kwa kazi yake katika mafungu matatu: anabaki kwa kuwa anaipenda, anabaki kwa kuona ni wajibu wake, au anabaki kwa sababu kuondoka kutamgharimu. Fungu la tatu kwetu kusini linajulikana vizuri. Mwalimu ameshanunua ekari zake za mikorosho, hahami tena. Lakini kubaki na kufundisha ni mambo mawili. Msimu wa korosho umepamba moto Oktoba na Novemba, na Novemba hiyohiyo kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa. Kama kinachomshikilia pale ni mikorosho tu, sote tunajua atashinda wapi.

Mafungu mawili ya kwanza ndiyo mkuu anayoweza kuyagusa, na mara nyingi kwa maneno tu. Madai ya walimu yakichelewa, mkuu anayesema kikaoni, "Fedha haijaja, majina nimepeleka, nakala hii hapa," hajampa mtu hata shilingi, ila amezima uvumi. Akinyamaza, kundi la WhatsApp litasema pesa zimeliwa. Halafu kuna ule wino mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Mimi siupingi, mchelewaji apigiwe mstari. Kinachoudhi ni mkuu kupiga mstari na kugeuka bila kuuliza, kumbe mwenzake aliamka kutafuta maji. Uwanda wa Makonde, zilipo Tandahimba na Newala, una historia ndefu ya shida ya maji. Dumu moja linaweza kula asubuhi nzima.

Sisemi mkuu atajenga nyumba za walimu kwa salamu. Ila mwalimu mpya anaposhuka basi Newala jioni, godoro begani, hamjui mtu, akamkuta mkuu stendi na mwenyekiti wa kijiji ameshamtafutia chumba, ombi la uhamisho halitaandikwa wiki ile.